Kabla ya Kushika Gundi, Ujue Ukoo wa Lori

Mfano wangu mdogo wa KrAZ-255B, lori la jeshi la Kisovieti, umekosa tuzo kwenye mashindano ya waunda mifano, na bado naumia. Kwenye mlango wa dereva niliiacha rangi ibanduke na bati lifunuke kidogo, mbao ikachungulia. Jaji aliinama, akatikisa kichwa: "Hili ni lori la jeshi, si kabati la nguo." Akakata alama, akaenda zake.

Mbao ile ilikuwa mahali pake. Kebini ya KrAZ-255B ina kiunzi cha mbao kilichovalishwa bati, japo lori lenyewe lilianza kuundwa mwaka 1967. Sasa nyinyi mnaotaka mifano isiyotetereka mbele ya jaji yeyote (najua mnataka, ndiyo maana mnanisoma), anzeni na ukoo wa gari.

Ukoo wa hili unaanzia Yaroslavl, Urusi, kwa lori la YaAZ-214 la mwaka 1956. Mwaka 1959 kazi ya kuliunda ilihamishiwa Kremenchuk, Ukraine, nalo likaitwa KrAZ-214. Injini yake ya silinda sita na mipigo miwili, yenye nguvu za farasi 205, ilitokana na injini za GMC, kampuni ya magari ya Marekani. KrAZ-255B ikaja na YaMZ-238, dizeli ya V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 14.86 na nguvu za farasi 240. Injini mpya, kebini ya kizamani! Kilichokwamisha mzigo kilibadilishwa, kingine kikaachwa. Anayekariri nguvu za farasi tu hawezi kuliona hilo, na wanaokariri ni wengi, wengine wamepewa beji ya ujaji.

Tazameni na matairi. Ni mapana, moja moja kila upande, kwenye ekseli tatu zinazosukumwa zote na injini. Dereva hupunguza au kuongeza upepo akiwa ndani ya kebini, ili tairi litandazike kwenye tope na kulibeba gari lenye uzito wa karibu tani 12 bila mzigo, pamoja na tani 7.5 za shehena. Kwa hiyo ukiunda mfano wa lori hili likiwa kwenye matope, tairi lisisimame duara kamili. Libonyeze chini. Majaji hili hawalioni, lakini wewe utakuwa unajua.

Kazi yake niipendayo kuliko zote ni kubeba maboya ya PMP, daraja la kijeshi linaloelea, aina ya daraja ambalo jeshi la Misri lilitumia kuvuka Mfereji wa Suez Oktoba 1973. Lori hurudi kinyumenyume hadi majini, dereva hukanyaga breki ghafla, boya lililokunjwa huteleza likaanguka na kujikunjua lenyewe. Ukishalielewa tukio hilo, utajua tope lipakwe wapi: zaidi nyuma, kidogo mbele.

Narudia, ukoo kwanza. Tafuteni picha za karakana, lori likiwa limefunguliwa, kuliko picha za gwaride ambako kila kitu kimepakwa rangi jana yake. Na msichanganye vizazi. KrAZ-260, iliyoanza kuundwa mwaka 1981, ina kebini ya chuma. Mkiweka mbao pale, jaji atakuwa na haki ya kukata alama.