Barua kwa Mwanangu: Shamba la Babu Yako Kinangop

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya. Uliniuliza kama ni kweli shamba hili babu yako aligawiwa bure na serikali wakati wa uhuru, na kama mtoto wa kike ana fungu humo. Nimeona nikujibu kwa maandishi ili kaka zako nao wasome.

Hakugawiwa, alilinunua. Babu yako alizaliwa kwenye shamba la mzungu katika Bonde la Ufa, baba yake akiwa skwota. Skwota aliruhusiwa kulima sehemu ndogo na kufuga, na kwa ruhusa hiyo sheria ya 1918 ilimtaka amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mwaka wa 1952 kwa ajili ya vita vya Mau Mau, walifukuzwa pamoja na maelfu ya Wakikuyu wengine na kurudishwa Mkoa wa Kati, ambako hawakuwa na hata pa kupanda sukuma.

Mwaka wa 1962 ulianza mpango wa makazi wa ekari milioni moja. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa, kwa fedha za Uingereza hasa, yakapimwa na kukatwa, kisha Wakenya, babu yako akiwemo, wakauziwa kwa mkopo wa muda mrefu. Mzungu alilipwa akaenda zake, skwota akabaki na deni. Hesabu hiyo haijawahi kuniingia akilini.

Deni tulililipa kwa maziwa na pareto, lile ua la kutengenezea dawa ya kuua wadudu. Ua la pareto huchumwa kichwa tu, likiwa limefunguka sawasawa, kisha huanikwa mpaka likauke kabisa, na ukishaanika debe zima unashangaa mizani inavyosoma kidogo. Mama yangu, ambaye una jina lake, alichuma kutushinda sote, na dada zangu wakimfuata mistarini kabla ya kwenda shule, ingawa kila karatasi iliandikwa jina la mumewe. Baadaye malipo yalipochelewa kupita kiasi, tuling'oa pareto tukapanda viazi na kabichi.

Hatimiliki ilitoka deni lilipokwisha, nayo mpaka leo ina jina la babu yako, kwa sababu alikataa katakata kugawa. Aliogopa kwamba ardhi ikikatwakatwa kila kizazi haitabaki ya kumlisha ng'ombe mmoja. Hofu hiyo ninayo mimi pia, lakini haiwezi kuwa sababu ya kuwaacha nje shangazi zako, kama baba zako wadogo wanavyotaka kwa kuwa eti wameolewa. Sheria ya urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, haibagui mtoto wa kike, na katiba ya 2010 imelikazia jambo hilo. Fungu langu nalo litakuwa lako na kaka zako kwa usawa.

Mwezi ujao tunafungua faili ya mirathi mahakamani. Barua ya chifu ninayo, na majina ya shangazi zako wote yamo.

Ni mimi,
Baba yako