Maswali na Majibu: Rafale za Jakarta, nyambizi iliyokosa injini, na mawese yaliyonunua Sukhoi

Maswali ya silaha za Kusini-Mashariki mwa Asia yamekuja mengi tangu ile kasheshe ya Thailand na Cambodia kupigana mpakani 2025, mengine nimeyaunganisha maana yanauliza kitu kilekile. Wale wa "nani atampiga nani" mnisamehe, leo naongelea hela, spea na mikataba, maana huko ndo vita vingi vinashindwa kabla hata havijaanza.

Swali: Mkuu, hivi Indonesia ina mpango gani? Leo Rafale, kesho ndege za Mturuki, keshokutwa za Mchina. Hawa jamaa wana hela za kuchezea? (Mdau, Mwanza)

Hela za kuchezea hawana, na hapo ndo stori inanoga. Ili uwaelewe inabidi urudi 1999. Timor Mashariki walipiga kura kujitenga na Indonesia, wanamgambo wakisaidiwa na jeshi la Indonesia wakachoma na kuua, Marekani ikaiwekea Indonesia vikwazo vya silaha. Sasa Indonesia walikuwa na F-16, ndege za kivita za Marekani walizonunua kwenye miaka ya 80, zikaanza kuparki moja moja, rubani yupo, mafuta yapo, ila kuna kipuri kinatakiwa kutoka Marekani na hakiji. Vikwazo vyenyewe vimekuja kuondoka 2005, na katikati hapo, 2003, Rais Megawati akawa kashaenda zake Moscow kununua Sukhoi nne, ndege za kivita za Mrusi. Tangu kipindi hicho wakubwa wa jeshi Jakarta wana imani moja tu, usikae mkononi mwa muuzaji mmoja.

Imani nzuri, ila angalia ilikowafikisha. 2018 wakasaini Su-35 kumi na moja kwa Mrusi, dola bilioni 1.14, sehemu ilipwe kwa mazao. Marekani ilikuwa imeshatunga sheria mwaka mmoja nyuma ya kuwabana wanaonunua silaha kubwa Urusi, kwahiyo dili likapigwa danadana mpaka mwisho wa 2021 mkuu wa jeshi la anga akasema basi, tumeachana nalo. Februari 2022 wakasaini na Ufaransa ndege za kivita za Rafale 42, kama dola bilioni 8.1. Hapo ungedhani wametulia. Wapi! 2023 wakataka Mirage 12 zilizotumika kutoka Qatar kwa dola milioni 792, mapema 2024 wakaziahirisha wakisema hela haitoshi, ikafa. Juni 2025 wakatangaza KAAN 48 za Uturuki, ndege ambayo hata Waturuki wenyewe bado walikuwa wanaifanyia majaribio. Oktoba mwaka huohuo waziri wa ulinzi akasema na J-10 za China zinakuja.

Na bado sijagusa ile ya Korea Kusini. Indonesia walikubali kuchangia asilimia 20 ya gharama za kuunda ndege ya KF-21, kama won trilioni 1.6, wakawa hawalipi kwa wakati, Wakorea wakavumilia wee, mwisho mchango ukashushwa hadi won bilioni 600 na teknolojia watakayopewa ikapungua pia.

Mimi naona woga wao ni halali kabisa, dawa ndo wamezidisha dozi. Kila aina ya ndege inakuja na mafundi wake, vifaa vyake vya mafunzo, bohari yake ya spea na makombora yake, kombora la Mrusi hulifungi kwenye Rafale kirahisi. Ukiwa na aina tano unakuwa umejenga vijeshi vitano vya anga ndani ya jeshi moja, halafu bajeti ni ileile. Wakati huohuo Aprili 2021 nyambizi yao KRI Nanggala, ya Mjerumani, ya tangu 1981, ilizama kaskazini mwa Bali na watu 53, hakutoka hata mmoja. Mkataba wa nyambizi mpya mbili aina ya Scorpene kutoka Ufaransa wamekuja kuusaini 2024, zijengwe Surabaya kwenye karakana yao ya PT PAL. Nchi ya visiwa zaidi ya elfu 17, ungetegemea meli na nyambizi ndo ziwe zinawanyima usingizi.

Swali: Nimesikia kuna nchi kule zinalipia ndege za kivita kwa mawese. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni? (Kigoma)

Nilijua tu hili litatoka Kigoma. Ni kweli. Malaysia ilipochukua MiG-29 kwa Mrusi miaka ya 90 sehemu ya malipo ilikuwa mawese, na Sukhoi 18 za 2003, dili la kama dola milioni 900, nazo zikalipiwa hivyo hivyo kwa sehemu. Indonesia wameingia mikataba ya namna hiyo pia. Mnunuzi anafurahi kwa sababu anapata soko la zao lake na hela za kigeni zinabaki nyumbani, muuzaji anakubali kwa sababu anataka kuuza.

Ila bonasi ya ile dili ya Sukhoi mimi ndo inanifurahisha, Urusi ilikubali kumfundisha na kumrusha Mmalaysia mmoja angani. Oktoba 2007 daktari Sheikh Muszaphar Shukor akapanda chombo cha Soyuz mpaka kituo cha kimataifa cha anga, tena ikawa mwezi wa Ramadhani, masheikh wa kwao wakakaa kuandaa mwongozo jinsi ya kuswali na kufunga akiwa huko juu.

Swali: Thailand walinunua nyambizi China ikakosa injini, ilikuwaje? Utanunuaje kitu hakina injini? (Msomaji, Morogoro)

Mkataba wa 2017, nyambizi aina ya S26T, baht bilioni 13.5, inajengwa China ila kwenye mkataba imeandikwa injini za MTU za Mjerumani. Shida ikawa Umoja wa Ulaya una zuio la kuuzia China vifaa vya kijeshi tangu mauaji ya Tiananmen 1989, Mjerumani akasema injini yangu haiingii kwenye nyambizi ya Mchina hata kama mwenye nyambizi ni Mthai. Mchina akasema chukueni injini yangu, CHD620, Wathai wakagoma, wakataka kubadilisha waletewe meli ya kawaida, wakajadili, serikali zikabadilika, mpaka Agosti 2025 baraza la mawaziri likakubali injini ya Mchina. Miaka minane imekwenda. Kosa hapo silaumu Wachina peke yao, zuio la 1989 halikuwa siri, mtu yeyote wa manunuzi pale wizarani angeweza kupiga simu Berlin kabla ya kusaini.

Na Thailand sio mara yao ya kwanza. Walikuwa na nyambizi nne za Kijapani tangu miaka ya 1930, Japani ilipopigwa kwenye vita ya pili betri na spea zikakauka, 1951 zikastaafishwa. Halafu 1997 wakapokea meli ya kubebea ndege kutoka Hispania, Chakri Naruebet, pamoja na ndege za Harrier zilizotumika, ndege zenyewe zikaisha kwa kukosa spea, 2006 zikafutwa kabisa. Meli ipo mpaka leo, inabeba helikopta na kusaidia kwenye mafuriko, nayo ni kazi.

Swali: Ufilipino wanasumbuana na China kila siku baharini ila jeshi lao naona la kawaida sana. Wanajipanga kweli au ni kelele? (Dada yenu, Muscat)

Wanajipanga dada, ila walianzia chini mno. Wamarekani walipofunga kambi za Clark na Subic 1991 na 1992 Ufilipino wakabaki na jeshi lililozoea kupigana na waasi msituni, baharini hawana kitu. 2005 wakastaafisha F-5 zao za mwisho na kwa miaka kumi hawakuwa na ndege hata moja ya kivita ya jeti, mpaka FA-50 za Korea Kusini zilipoanza kufika mwisho wa 2015. Unajua wanalindaje mwamba wao wa Ayungin, ule wa baharini wanaogombania na China? Kwa meli kuukuu ya vita ya pili ya dunia, BRP Sierra Madre, waliipandisha makusudi kwenye mwamba 1999, wanajeshi wanaishi humohumo kwenye kutu, na Walinzi wa Pwani wa China wameshawapiga kwa mizinga ya maji wanaowapelekea chakula.

Walichofanya cha maana ni kuweka mpango kwenye sheria. Sheria ya kwanza ya kulifanya jeshi la kisasa ni ya 1995, hela haikuja ya kutosha, wakaitunga upya 2012 na kuigawa kwa awamu. Januari 2024 Rais Marcos akapitisha awamu ya tatu iliyopangwa upya, kama peso trilioni 2 kwa miaka kumi. Sisemi zote zitapatikana, ila angalau sasa manunuzi yanafuata tatizo. Mfano BrahMos, walisaini na India Januari 2022, dola milioni 375, mzigo wa kwanza ukatua Aprili 2024. Kombora linafukuza meli hadi kilomita 290 kwa kasi inayokaribia mara tatu ya sauti, linabebwa na lori, unalificha. Huna ubavu wa kushindana meli kwa meli na China, kwahiyo unamfanya afikirie mara mbili kusogea. Ongeza rada za Mitsubishi Electric kutoka Japani, maana kombora bila jicho ni mapambo.

Nao wameshaungua kidogo, helikopta 16 za Mi-17 za Mrusi walishasaini na advansi wameshatoa, vita ya Ukraine ikaanza, wakaogopa vikwazo wakavunja mkataba 2022. Wakaongeza Black Hawk za kutengenezwa Poland.

Swali: Kwanini Cambodia hawakurusha ndege wakati Thailand inawapiga kwa F-16? (Wengi mmeuliza)

Hawana. Walikuwa na MiG-21 chache, zilishakuwa chuma chakavu zamani. Silaha yao kubwa Julai 2025 ilikuwa maroketi ya BM-21, na hayo yaliua raia upande wa Thailand. Wathai walituma F-16 na baadaye Gripen, ndege za kivita za Uswidi, na mwezi uliofuata wakasaini Gripen mpya nne na Uswidi, krona bilioni 5.3. Desemba mapigano yakarudi tena.

Swali: Malaysia na zile meli sita, zimefika? (Mwanafunzi, Kampala)

Uchungu huu. Ringgit bilioni 9, meli sita za doria na mapigano, ya kwanza ikabidhiwe 2019. Agosti 2022 kamati ya bunge lao ya hesabu za serikali ikatoa ripoti, zaidi ya bilioni 6 zimeshalipwa na meli iliyokabidhiwa ni sifuri. Sifuri! Na kibaya zaidi, jeshi la maji lenyewe lilitaka muundo mwingine, ushauri wake ukawekwa pembeni. Ukishaona mtumiaji wa silaha hasikilizwi na aliyeshika kalamu ndo anachagua, jua kuna watu wanakula. Sasa hivi meli zimepunguzwa kuwa tano, bei imepanda hadi bilioni 11.2, serikali imeichukua karakana ya Lumut inayozijenga, na ile ya kwanza, Maharaja Lela, iliteremshwa kwenye maji 2024.

Swali: Kuna anayefanya vizuri au wote ni hivyo hivyo?

Singapore, na ukiwasoma utasinzia. Kisiwa hakifiki hata nusu ya Unguja, hawana pa kurushia ndege zao wakajinafasi, kwahiyo marubani wanafunzwa Ufaransa na Marekani, askari wanaenda kufanya mazoezi Australia. Ndege za kivita za F-35 za Marekani walianza kuzifuatilia mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaagiza nne tu 2020, wakaongeza nane 2023, nane nyingine 2024, za kwanza zilipangwa kufika mwisho wa 2026. Hakuna mbwembwe, hakuna waziri anayetangaza ndege mpya kila akisafiri. Kweli wana hela, ila Brunei nao wana hela.

Swali: Eti Halotel ni ya jeshi la Vietnam? Nina laini yao miaka yote sikujua. (Dodoma)

Ndiyo. Halotel ilianza Tanzania 2015, mwenye nayo ni Viettel, na Viettel ni mali ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam, bosi wake mkuu ana cheo cha jenerali. Lumitel ya Burundi nayo ni ndugu yake, na Movitel ya Msumbiji. Ilianzishwa 1989 kama kampuni ya jeshi ya mawasiliano, ikatoka kwenye kujenga minara ikafika kwenye kutengeneza rada, droni na makombora ya kupiga meli, mengine yalioneshwa kwenye maonyesho ya silaha Hanoi Desemba 2024.

Hii inahusiana sana na tunachoongea. Vietnam walikuwa wanakula kwa Mrusi karibu kila kitu, nyambizi sita za Kilo walizoagiza 2009 kwa kama dola bilioni 2, Sukhoi, vifaru. Marekani iliwaondolea vikwazo vya silaha Mei 2016, na 2024 wakapokea ndege za mafunzo za T-6C kutoka huko, ila wanaenda polepole, China iko mpakani na hawataki kuonekana wamehamia kambi ya mtu. Urusi ikiwa inahitaji spea zake yenyewe kule Ukraine, njia iliyobaki ni kujitengenezea, na wahandisi wa rada na mitambo ya redio tayari wanao Viettel. Kwahiyo wewe wa Dodoma laini yako haina shida, piga tu simu, ila mara nyingine ukiwa kwenye foleni ya dukani kwao unasajili, kumbuka kampuni mama ya hilo duka inatengeneza makombora.