Kabla Hujabandika Picha ya Zamani, Igeuze Kwanza

Kuna kijana kaniandikia wiki hii: "Dada, nami nataka kufungua ukurasa wa picha za kale, nianzie wapi?" Meseji za namna hii zimeongezeka tangu maonyesho yetu ya picha za kale pale Korogwe, na sitaficha, zinanifurahisha. Miaka yote niliyokuwa nikiazima albamu za watu na kuomba skana kwenye ofisi za watu, hakuna aliyeniuliza pa kuanzia. Waliuliza nitaacha lini.

Jibu langu ni fupi. Igeuze picha. Kabla hujaipakia na kuiandikia maneno matamu, tazama mgongoni. Huko ndiko uliko muhuri wa studio, mwaka, majina, pengine hata deni. Nina picha ya harusi iliyopigwa Tanga, bibi harusi kakaza macho kama anayeelekea mahakamani, na nyuma mpiga picha kaandika kwa penseli: "Bado sh. 4." Jina la bwana harusi halipo, ila deni lake lipo!

Wengi wenu mnaonisoma mnataka niliyoyataka mimi: nchi ijikumbuke vizuri, na ikibidi ijue ni nani aliyeikumbusha. Hakuna ubaya. Lakini lazima ujue kwamba unachoshika mkononi kina nguvu kuliko maelezo utakayoandika chini yake. Watu husahau maneno. Picha hawasahau.

Chukua Sanamu ya Askari pale Samora, Dar es Salaam. Waingereza waliisimamisha mwaka 1927: askari mmoja wa shaba, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Maandishi ya chini, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, yanawataja pia wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Hao ndio waliobeba risasi na unga maporini, wakafa kwa njaa na maradhi kwa maelfu. Lakini askari alipewa shaba, mpagazi akapewa sentensi. Simama pale saa nzima uwaulize wapita njia sanamu ile ni ya nani. Mimi nimeshafanya hivyo. Wote walimtaja askari, mpagazi hakutajwa na yeyote, na wala siwalaumu, kwa sababu hawajawahi kumwona.

Na kabla ya hapo Wajerumani walikuwa na sanamu yao mjini humo, ya gavana Hermann von Wissmann. Yeye juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama, bendera ikimfunika simba aliyekufa. Waingereza walipouteka mji, sanamu ile ikaondolewa. Mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu, mpaka wanafunzi wa huko walipoiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Mji mmoja, watawala wawili, na kila mmoja alimtengeneza Mwafrika wa shaba kwa namna iliyomfaa. Hakuna aliyekuja kutuuliza sisi tunataka kukumbukwaje.

Sasa niseme la moyoni, maana linaniuma mpaka leo.

Babu yangu mzaa mama alitoka Songea akaja Tanga kukata mkonge. Alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba. Miaka ya hamsini mtu mmoja wa shambani aliwapiga picha wakiwa kwenye mstari asubuhi, vifua wazi, mapanga mkononi, nyuma yao reli ndogo ya kubebea mkonge. Babu ni wa tatu kutoka kushoto, ndiye pekee aliyevaa kofia. Niliiskani, nikaandika jina lake, shamba na muongo. Baada ya muda, ukurasa mmoja mkubwa, wenye wafuasi kuliko wakazi wa wilaya yetu, uliichukua, ukakata chini palipokuwa na jina, ukaandika: "Wazee wetu enzi za utumwa, karne ya 19." Mama aliipata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Alinipigia simu, hakufoka. Aliniuliza tu, "Baba alikuwa mtumwa wa nani?"

Niliwaandikia wenye ukurasa. Wakanijibu kwa dole gumba. Picha bado ipo.

Mtu aliyekuwa na kipande chake, kadi ya kibarua ya kuhesabia siku za kazi, aliyegombana na nyapara kuhusu ujira, aliyejenga nyumba ya bati kwa jasho la mkonge, leo kwa maelfu ya watu ni mtumwa asiye na jina. Na si yeye peke yake. Kila mjadala wa utumwa ukizuka, huzungushwa picha za watu waliofungwa minyororo shingoni, na baadhi yake ni za wafungwa wa serikali ya Wajerumani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Wajerumani waliingia bara katika miaka ya 1880. Minyororo ni ileile machoni, lakini aliyeshika ufunguo ni mwingine. Ukikosea maelezo ya chini umehamisha kosa, na mtoto wa shule anabaki akiamini kwamba Mjerumani alituachia reli na maboma tu, hata kama amesoma kuhusu Maji Maji ya 1905 hadi 1907.

Kwa hiyo narudia, geuza picha. Uliza nani aliipiga, na alimpigia nani. Kisha uliza nani yumo lakini haonekani. Ile picha ya kuchanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, ya Muungano wa Aprili 1964, unaijua, imo vitabuni tangu tukiwa madarasa ya chini. Mwalimu Nyerere anamimina. Lakini kuna vijana walioshika vyombo vya udongo. Umeshawahi kuwatazama usoni? Mimi niliitazama picha ile miaka mingi kabla macho yangu hayajatoka kwenye mikono ya Mwalimu. Sura yake tunayo kwenye noti ya 1,000, ya Karume tunayo kwenye sarafu ya 500, tunazishika kila siku tukinunua vocha. Bibi Titi Mohamed, aliyesimama majukwaani na TANU miaka ya 1950, alihukumiwa katika kesi ya uhaini iliyoanza 1970, akaachiwa 1972, na kwa muda mrefu hakuonekana popote. Wengi wa rika langu tulimjua kama jina la barabara kabla ya kumjua kama sura.

Ndugu zangu, wenye albamu za nchi hii wanazeeka. Mtu akikuambia "njoo Jumamosi", nenda Jumamosi, usisubiri mwisho wa mwezi. Albamu usiondoke nayo. Piga picha palepale mezani, karibu na dirisha, bila flashi. Majina yaandike mgongoni kwa penseli laini, kwenye ukingo, usikandamize. Kalamu ya wino huvuja mpaka upande wa pili. Mwenye albamu akitaka jina lake lisitoke, heshimu. Akitaka litoke, liandike juu ya nakala utakayoipakia, katikati, pasipokatika.

Na hizi programu mpya za akili bandia za kupaka rangi picha za zamani, zinawapumbaza. Juzi nimeona kina mama wa mkutano wa TANU wamevishwa khanga za waridi wote, kama sare ya kwaya. Nani aliziona khanga zile? Rangi ya kubuni ikishakaa machoni mwa watu milioni, huwezi kuiondoa. Nikiletewa picha iliyopakwa rangi naomba ile ya awali, nyeusi na nyeupe, pamoja na mgongo wake. Asiyekuwa nayo simbandikii, hata awe shemeji yangu, na mmoja tayari ameninunia.