Inzi wadogo wa ndizi: dume na jike

Dada, umeuliza kama wale inzi wadogo wanaozingira ndizi mbivu jikoni kwako Ngamiani ni wa aina mbili, kwa kuwa wengine ni wakubwa kidogo na wengine wana kitako cheusi. Ikiwa ni wale wenye macho mekundu, ambao wataalamu huwaita Drosophila melanogaster, basi ni aina moja: jike ndiye mkubwa, ana urefu wa takribani milimita 2.5, na tumbo lake lenye milia limechongoka mwishoni, ilhali la dume ni la mviringo na limekoza weusi. Dume ana pia kichanuo cha vinyweleo vigumu kwenye kila mguu wa mbele, lakini hicho hutakiona bila kioo cha kukuzia.

Ule ulioudhania ugomvi, mmoja akimwandama mwenzake huku amenyoosha ubawa mmoja tu, ni uchumba. Dume humgusa jike kwa mguu wa mbele, ambao una vihisio vya kuonja, kisha hutetemesha ubawa huo na kutoa wimbo ambao sisi hatuusikii kwa masikio matupu. Mwenye uamuzi, kusema kweli, ni jike: asipotaka humpiga teke au huruka zake, na akiridhika hupunguza mwendo, wakajamiiana kwa dakika 15 hadi 20 hivi. Baada ya hapo huwakataa madume wengine kwa siku kadhaa, kwa sababu majimaji ya dume yana protini inayomwondolea hamu na kumhimiza kutaga mayai, mara nyingi juu ya ndizi hiyo hiyo.