Shoka la Baba na Maswali Yenu

Barua za wiki hii karibu zote ni za Frailty, ile filamu ya Bill Paxton ya 2001: baba anawaamsha wanawe wawili usiku na kuwaambia Mungu amewapa kazi ya kuua mashetani waliojivika sura za watu.

Kaka, ni kisa cha kweli? (Jinja)

Si kweli. Hii ni mara ya nne najibu. Ilitungwa na Brent Hanley. Kutaja Texas na FBI hakuigeuzi kuwa taarifa ya habari.

Damu yenyewe haionekani sana. Mwanangu wa miaka kumi si anaweza kuitazama? (Mama, Mbale)

Hapana, mama. Ni kweli shoka likishuka kamera hutazama kwingine. Ila mtoto hataogopa shoka, ataogopa baba. Huyu si mlevi wala mkali. Anawapenda wanawe, anaongea nao kwa upole, halafu anamchimbisha shimo Fenton, mkubwa, mpaka viganja vinachubuka. Mdogo, Adam, anaamini kila neno. Nanyi wenye vibanda vya video mnaoingiza watoto na sare za shule saa nane mchana, mnajijua.

Mimi naona baba ni shujaa, anaua wabaya tu. Kosa lake nini? (Bodaboda, Kampala)

Nilijua utaandika. Kila akitokea muuaji aliyejipa uhakimu, wewe unampigia makofi. Haya, orodha ya majina ya hao mashetani kaiona nani? Aliyepewa ni yeye, anayeisoma ni yeye, mwenye shoka ni yeye. Najua mwisho wa filamu unakuvuta upande wake. Mtego uko hapo hapo.

Sokoni Busia niliwahi kuona kijana ameangushwa chini, kiatu kimoja hana, tairi limeshaletwa. Polisi walimwahi. Jioni ndipo tukasikia kwamba aliyepiga kelele ya "mwizi!" alikuwa akidaiwa na kijana huyo huyo.

Na kama unadhani sauti za mbinguni ni mambo ya Texas, kumbuka Kanungu, hapa Uganda, 17 Machi 2000, kwa dhehebu ambalo viongozi wake walidai kupokea ujumbe wa mbinguni. Kanisa lilipigiliwa misumari, likateketezwa na mamia ya watu ndani, wakiwemo watoto waliopelekwa na wazazi wao. Wale watoto walikuwa watiifu kama Adam. Mimi nasimama na Fenton, mtoto mbishi aliyekimbia kumwita askari.

Niitafute yenye tafsiri ya VJ? (Masaka)

VJ wetu, wale wanaotafsiri na kusimulia juu ya sauti ya filamu, nawapenda kwenye filamu za ngumi. Hii ukiijaza maneno kila baba anaponyamaza, umeiua.

Yule anayesimulia ofisini kwa FBI ni nani hasa? (Gulu)

Ulisinzia kabla hawajafika bustani ya waridi. Rudi ukamalizie.