Upasuaji wa ngiri ya kiwambo: muulize daktari habari za mbweu

Wanaonipigia kuuliza kuhusu upasuaji huu huanza na makovu. Makovu ni madogo, hayana stori. Uliza mfuko wa chakula utazungushwa kiasi gani.

Kwenye ngiri hii, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hupenya tundu la kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ikapanda kifuani, na asidi ikarudi juu. Ndicho kile kiungulia kinachokulaza umekaa. Daktari hupitisha kamera na vyombo vyembamba kwenye matundu madogo, huushusha mfuko, hulishona tundu lililolegea, kisha huizungusha sehemu ya juu ya mfuko kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, kama shali shingoni. Mzunguko kamili unaitwa Nissen. Ule wa nyuzi 270 unaitwa Toupet. Wa kamili huzuia asidi vizuri, lakini ndio unaoleta zaidi shida ya kumeza, tumbo kujaa gesi na mbweu kugoma kutoka. Kwa hiyo kabla ya kusaini, dai kipimo cha mrija wa puani kinachopima nguvu ya misuli ya umio. Kinakera, lakini umio dhaifu ukikazwa sana utajuta kila mlo.

Nilipopasuliwa mimi, bega liliniuma kuliko tumbo. Ni ile gesi wanayojazia tumbo wakati wa kazi, huisha yenyewe. Kumeza kulibana kwa sababu ya uvimbe, nikaishi kwa uji mwepesi na supu iliyochujwa, baadaye mtori. Ugali, chapati na nyama choma ni vya mwisho kabisa, hata shangazi akilalamika kwamba utakosa nguvu. Soda sahau. Ndoo ya maji abebe mwingine, na choo kisiwe kigumu, maana kujikamua kunasukuma kiwambo.

Mimi kiungulia kimeniachia, ila simshauri kila mtu. Utafiti wa LOTUS wa Ulaya, uliochapishwa 2011, ulifuatilia watu ambao vidonge vya kupunguza asidi viliwasaidia: baada ya miaka 5, asilimia 85 ya waliopasuliwa walikuwa bado wametulia, na asilimia 92 ya waliobaki na vidonge. Kama vidonge vinakutosha na ngiri ni ndogo, haraka ya nini? Chakula kikipanda hadi kooni licha ya dawa, hapo zungumza na daktari wa upasuaji. Ngiri inaweza kurudi pia, ingawa wengi huonekana nayo kwenye picha tu, hawahisi chochote.

Ila kifua kikikubana ghafla, au ukawa unajikakamua kutapika na hakitoki kitu, nenda hospitali usiku huohuo.