Majina ya Faili Yanayojipanga Yenyewe

SWALI: Kompyuta yangu imejaa faili zenye majina kama "ripoti mpya" na "ripoti mpya ya mwisho", na kila nikiitafuta iliyo sahihi napoteza muda mwingi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, tatizo lako liko kwenye majina zaidi kuliko kwenye folda, kwa kuwa neno "mpya" hupoteza maana siku ile ile unapohifadhi toleo jingine. Anza jina kwa tarehe, ukitanguliza mwaka, kisha mwezi na siku, kwa mfano "2024-02-15 ripoti ya mauzo". Kwa kuwa kompyuta huyapanga majina kwa kuyasoma kuanzia kushoto, faili zitafuatana kwa wakati bila wewe kuzigusa. Usiiache sifuri, kwani ukiandika "2" badala ya "02", baadhi ya programu zitautanguliza mwezi wa 10. Mkwaju, yaani alama ya "/", nao usiutumie, maana Windows haiukubali katika jina la faili. Folda moja kwa kila kazi inatosha. Lakini nakusihi sana, kabla hujafuta chochote, nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha fungua faili mbili tatu humo uhakikishe kwamba zinasomeka.